Siku Mashine Ilipomwita IT

Mimi si mtu wa subira. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na hadi leo sijafanya juhudi kubwa ya kumwonyesha kwamba alikosea. Nalitaja hili mapema ili msomaji asidhani kwamba kazi ninayotaka kuieleza ilifanywa na mtu mpole. Ilifanywa na mwanamke mwenye hasira, na hasira hiyo ilikuwa na sababu.

Nilikuwa mwandishi wa takwimu katika kituo kidogo cha afya upande wa Kibabi, kwenye vilima vya Masisi. Nyuma ya kituo kuna nyumba ya mbao yenye vitanda sita, tunaiita nyumba ya kungojea. Mwanamke mwenye mimba aliyewahi kupasuliwa, au anayebeba mapacha, au anayetoka mbali, huitwa aje kukaa humo mwezi mmoja kabla ya kujifungua. Anapika, anasuka, anapiga soga, na siku ikifika yuko karibu na watu wa kumsaidia na gari la wagonjwa linaweza kumfikia. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina na tarehe kwenye daftari kubwa, na kila Jumatatu kumwambia mkunga nani aitwe. Yeye naye alimtuma relais, yaani mmoja wa wale wanakijiji wanaojitolea kutembea kwa miguu wakipeleka habari za afya mlango kwa mlango.

Mwaka mmoja kabla ya haya, mvua iliingia kabatini. Kurasa mbili za daftari ziligandana, nami nikazigeuza pamoja kama ukurasa mmoja. Ndani yake palikuwa na mwanamke wa kilima cha pili. Hakuitwa. Alifika amebebwa kwenye machela, mtoto amekwisha kufa tumboni, na ili kumwokoa yeye ilibidi atolewe kizazi. Hakuna aliyenilaumu; kila mtu alilaumu mvua. Lakini mimi najua vidole vyangu viligeuza nini. Nililia siku tatu, kisha nikaapa kwamba orodha ile haitakaa tena kwenye karatasi.

Na sasa dada yangu mkubwa alikuwa na mimba. Aliolewa msituni, ng'ambo kule Walikale, siku tatu kwa miguu kutoka kwetu, kwa watu wanaolima mpunga na mihogo na kuwinda. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa. Wa pili vilevile. Mkunga alishasema wazi kwamba huyu wa tatu asingojewe msituni, maana uchungu ukimshika huko, kovu linaweza kuachia kabla hajafika popote. Habari zake zote zilinifikia kwa mdomo wa relais. Hatukuwa tumeonana kwa miaka minne, tangu alipokuja kwetu kujifungua huyo wa pili.

Nilisomea kompyuta Goma, kwa hiyo nilijua ninachokitaka. Nilitaka programu ndogo ya wavuti ikae kwenye kompyuta moja ya kituo, mkunga aifungue kwa simu yake hapohapo ndani, bila intaneti, na kila asubuhi imwonyeshe nani aitwe leo. Programu ya namna hiyo haijengwi kuanzia chini. Unachukua kiunzi, ambacho watu wengine wamekwisha kukitengeneza kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, kimesimama na nguzo zake na boriti zake zote, halafu wewe unakandika kuta. Kwetu kila mtu ameona nyumba ikisimama miti mitupu kabla ya udongo, kwa hiyo nilipomweleza mkunga hivyo alielewa papo hapo. Aliuliza jambo moja tu.

"Na nani atakandika?"

"Mimi."

"Haya," akasema. "Tutaona kama uko na matope ya kutosha."

Mtu ambaye hakuuliza kitu alikuwa mkuu wetu. Katika kituo cha afya cha Kongo, mkuu ni infirmier titulaire, muuguzi mkuu, na kwa kuwa jina hilo ni refu kila mtu anamwita kwa herufi mbili, IT, tukizitamka kwa Kifaransa. Papa IT wetu alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndiye aliyenidunga chanjo zangu nikiwa mchanga. Alipoambiwa kuhusu kompyuta alisema, "Daftari haihitaji batri," akarudi kwa wagonjwa wake. Niliudhika juma zima.

Goma nilikaa siku nne kwa rafiki mwenye intaneti nzuri. Nilipakua Java, nikapakua kiunzi, nikaanza kujenga. Kiunzi cha aina ile hakiji peke yake. Kinategemea maktaba, yaani mafungu ya programu zilizoandikwa na wengine, na kila maktaba ina nyingine inazozitegemea, kama mgeni anayekuja harusini na ukoo wake wote. Chombo cha kujengea kilizishusha moja moja hadi zikatimia. Programu ikawaka. Nikanakili kila kitu kwenye kompyuta ya kituo, nikaifunga kwenye mkoba, mkoba ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya koti, nikapanda pikipiki. Mubambiro, kwenye kizuizi cha wanajeshi, tulishuka kama kila mtu, tukapita kwa miguu, tukapanda tena. Sake mvua. Mushaki nilikunywa maziwa ya moto kando ya barabara, na mwenye pikipiki akaniuliza kama ninabeba mtoto, kwa jinsi nilivyolikumbatia lile koti.

Kituoni niliwasha, nikaandika amri ya kuanzisha, nikapata ukurasa mzima wa makosa. Maktaba hazionekani. Nilitafuta kila mahali kabla ya kuelewa. Zile maktaba hukaa kwenye folda ambayo jina lake linaanza na nukta, na folda yenye nukta hufichwa. Macho hayaioni isipokuwa umeomba uionyeshwe. Nilikuwa nimenakili kila nilichokiona. Ukoo wote wa harusi ulikuwa umebaki Goma.

Kurudi haikuwezekana, siku hiyohiyo tulisikia njia imefungwa tena kwa mapigano. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Juu ya kanisa kuna kilima chenye mtandao, mahali ambapo watu hupanda kupiga simu, na simu yangu ilinasa intaneti pale ikiwa nimekaa kwenye jiwe moja tu, nimegeukia Sake. Nilipanda kila asubuhi, nikashusha maktaba moja, mbili, tano. Ukungu ukija mtandao ulikufa. Betri ikiisha nilishuka, nikangoja mchana, kwa sababu umeme wa jua wa kituo ni mali ya friji ya chanjo kwanza, na binadamu wanapewa kinachobaki. Wanawake wa nyumba ya kungojea walizoea kuniona nikipita na matope hadi magotini.

"Dada, uko naenda kuomba?" mmoja aliniuliza.

"Niko naenda kugombana," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Siku ya tisa maktaba zilitimia. Kiunzi kilisimama. Nikakandika kuta zangu: fomu ya jina, kijiji, idadi ya mimba, kupasuliwa mara ngapi, na tarehe ya hedhi ya mwisho, ambayo kwayo mashine huhesabu siku ya kujifungua. Hapo kwenye tarehe nilikuwa nimeweka kalenda ya kubonyeza, lakini kwenye simu ya mkunga ilimfungulia mwaka wa ajabu, kabla yeye hajazaliwa, akaichukia. Basi nikaitoa, nikaacha nafasi tupu ya kuandika. Niliwaza kwamba kila mtu anajua tarehe inavyoandikwa. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka, ukurasa wa makosa sikuuandika mwenyewe. Niliuchukua tayari kutoka kazi ya kijana mmoja wa ofisi fulani ya Goma. Ulikuwa na maneno machache kwa Kifaransa, nami sikuyasoma mara mbili.

Mkunga alianza kuhamisha majina kutoka daftari na kutoka fishi, zile karatasi ndogo ambazo relais hutuletea kutoka mbali. Wakati huo kimoja cha vifaa viwili vinavyotuliza umeme wa paneli kiliungua, nikaenda Mushaki kutafuta kingine. Nilitoka asubuhi nikitarajia kurudi jioni, nikarudi siku ya tatu.

Niliwakuta watu wamesimama mlangoni mwa chumba changu. Ndani, Papa IT alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Mbele yake kompyuta, mkononi kalamu, mezani daftari jipya la shule lililojaa mwandiko wake wa kiuguzi, ule wa herufi zilizosimama wima. Hakugeuka.

"Funga mulango," akasema. "Mugonjwa iko na joto."

Mkunga alinieleza. Asubuhi ile nilipoondoka tu, orodha ilikataa kufunguka. Badala ya majina, simu yake ilionyesha mstari mmoja: Erreur. Contactez votre IT. Yaani kuna kosa, wasiliana na IT wako. Alisoma, akasoma tena, akavaa ndala, akampelekea simu Papa IT kwenye chumba cha sindano.

Nilicheka. Naungama, nilicheka hadi nikashika ukuta. Kule Goma, kwa watu wa kompyuta, herufi zile mbili ni fundi wa mashine. Kijana wa ofisi aliandika akimfikiria fundi wao mwenye kiyoyozi. Lakini katika vilima vyetu IT ni mmoja, na mashine ilikuwa imemwita kwa cheo chake.

"Unacheka nini?" Papa IT aliuliza, sasa amegeuka. "Miaka yote hii mukubwa ya zone ya afya akitaka kitu anatuma karani. Mashine njo imenitafuta mimi mwenyewe. Inasema votre IT. Minaweza kuikatalia?"

Kicheko kikanikauka, maana niliona anachokifanya. Dirisha jeusi la kompyuta, ambamo programu humwaga malalamiko yake ikianguka, lilikuwa limejaa mistari. Ni mistari mirefu ya Kiingereza na majina ya maktaba, ambayo hata sisi tuliosoma tunairuka kwa macho. Yeye aliinakili yote kwa mkono. Kurasa kumi na moja. Hakuruka hata nukta. Na mahali patatu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, ile anayotumia kuonyesha homa iliyopanda.

"Keti," akaniambia, nami nikaketi kwenye ndoo. "Hii mashine inasema mambo mingi. Kila mustari inaanza na 'at', 'at', 'at'. Ni kama mugonjwa anasema: kichwa, na mugongo, na tumbo, na magoti. Anakutajia mwili muzima. Haiko uongo, lakini haikusaidie. Sasa angalia hapa. Anaandika 'Caused by'. Kingereza sijue, lakini hii ni causé par, imeletwa na, hata mutoto anaona. Inarudi mara tatu. Ile ya kwanza inatupia makosa ile ya pili, ya pili inatupia ya tatu. Ya tatu haina wa kutupia. Njo cause, njo chanzo."

Nilikaa miaka mitatu mbele ya walimu wa kompyuta na hakuna aliyenieleza jambo hilo kwa usafi namna hiyo. Nikainama nisome mstari wake wa mwisho mwekundu. Katikati ya Kiingereza palikuwa na maneno matatu ya kwetu: mavuno ya mupunga.

Mashine ilitaka tarehe. Mtu aliipa mavuno. Ilijaribu kuyahesabu, ikashindwa, ikaanguka na orodha nzima.

"Nani aliandika hivi?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Mimi," mkunga akasema. "Njo vile fishi ilikuwa nasema. Ulitaka nivumbue?"

"Fishi ya nani?"

Alimtazama Papa IT kwanza. Kisha akanitazama mimi.

"Ya dada yako."

Mtu anaweza kuona aibu na hasira kwa wakati mmoja, na hasira ndiyo inayotoka kwanza. Nikamwondoa mzee kwenye kiti. Nikaandika mstari mmoja wa haraka: tarehe isiposomeka, weka tarehe ya leo, endelea. Nikaanzisha upya. Orodha ikafunguka mara moja, safi, majina yote yamepangwa. Nikamwonyesha kama anayeonyesha kidonda kilichopona.

Papa IT alivaa miwani vizuri, akateremsha kidole kwenye kioo.

"Na muntu wa mupunga iko wapi?"

"Iko chini, Papa. Mwisho."

"Mashine inasema ataitwa lini?"

Ilisema baada ya miezi minane. Kwa hesabu yangu ya haraka, dada yangu alishika mimba leo.

"Umenyamazisha mugonjwa," akasema. "Hukumuponya. Nikikupa dawa ya kuficha homa nikuache ufe, utaniita munganga?"

"Papa, mashine haijue mupunga."

"Basi uifundishe. Sisi tunaujua."

Tulibishana. Nilimwambia kompyuta si mtoto wa shule. Akaniambia hata mimi nilipoletwa kwa chanjo sikuwa najua kitu, nililia tu, na wakanivumilia. Akaniuliza mimi mwenyewe nilizaliwa lini. Nikataja tarehe iliyo kwenye kitambulisho. Akauliza nani aliyeiandika. Mama alinieleza mara nyingi: nilizaliwa maharagwe ya kwanza yalipokuwa na maua, na tarehe ilitungwa na karani siku ya kuniandikisha shule. Nilijua. Nilikuwa nimejenga fomu ambayo mama yangu mwenyewe asingeweza kuijaza.

Ndipo Papa IT akaanza kazi kama muuguzi. Alitaka fishi yenyewe, ile karatasi. Aliinusa kwanza, sijui kwa nini. Alikuwa amefanya kazi Walikale akiwa kijana, akasema kule mavuno ya mpunga si siku moja: mpunga wa juu, ule wa shamba lililofyekwa msituni, huvunwa mapema, ule wa bondeni kwenye maji huchelewa, wakati mwingine kwa mwezi mzima na zaidi.

"Shamba ya dada yako iko juu ao iko mu bonde?"

Sikujua. Dada yangu wa tumbo moja, na sikujua shamba lake liko juu au chini. Papa IT akaigeuza karatasi.

Nyuma ya fishi relais alikuwa ameandika kipimo cha tumbo: vidole vitatu juu ya kitovu. Na alikuwa ameandika siku ya soko aliyompima. Mzee alihesabu kwa vidole vyake mwenyewe juu ya tumbo lake mwenyewe, mkunga akahesabu kwake, wakakubaliana. Vidole vitatu siku ile. Karatasi imekaa njiani na kabatini karibu wiki nne. Basi ni mpunga wa juu. Yule mwanamke alikuwa na mimba ya miezi minane, wala si mwisho wa orodha. Alikuwa wa kwanza. Kumpelekea habari siku tatu, kumleta siku tatu au zaidi kwa mwendo wa mjamzito. Muda ulikuwepo, lakini haukuwa wa kuchezea.

Nilishika tena kompyuta niitengeneze vizuri. Mzee akaifunga kifuniko taratibu, vidole vyangu vikiwa bado juu yake.

"Kwanza muntu," akasema. "Programu itangoja."

Relais wa upande ule, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira, alikuwa uani akila viazi. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akatia vingine viwili mfukoni, akaondoka kabla jua halijasimama.

Siku zilizofuata nilijenga kwa sababu nisingeweza kukaa bure. Niliufuta ule mstari wa haraka. Nikatengeneza sehemu mpya kwenye fomu: kama hakuna tarehe, chagua msimu, kama kuna kipimo cha tumbo, kiandike na siku kilipochukuliwa, na mashine ikiona msimu na tumbo havikubaliani, isichague yenyewe, imwite mkunga. Lakini misimu niliijua nusunusu. Nikabeba kompyuta hadi nyumba ya kungojea, nikawauliza wenyewe.

Sijawahi kuona mkutano wa mafundi wenye ugomvi kama ule. Mwanamke wa Mushaki alisema viazi huchimbwa kabla ya maharagwe. Mwenzake wa juu zaidi akasema labda huko chini kwenye joto. Mmoja wa Walikale alitaka niandike msimu wa viwavi, wengine wakakunja pua, akawaambia hawajui kula. Mwingine akasema yeye alijua ana mimba siku ng'ombe mweupe wa jirani alipozaa. Mkunga akasema huyo ng'ombe hawezi kuingia kwenye mashine, na mwanamke akaudhika kweli. Niliandika yote isipokuwa ng'ombe. Papa IT alipita jioni akakagua kila msimu na mwezi wake, akasahihisha miwili, na chini ya ukurasa akaandika herufi zake mbili kama anavyoandika kwenye hati za dawa. Ukurasa wa makosa niliutazama pia. Nilikuwa nimekusudia kuziondoa zile herufi mbili za IT. Nikauacha.

Siku ya saba hakuna mtu. Siku ya nane hakuna mtu, na simu kutoka ng'ambo haikupatikana. Nilipanda kilimani kwenye jiwe langu, si kwa ajili ya maktaba. Nilipiga, nikapiga, nikateremka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilifungua orodha kila saa. Jina lake lilikuwa juu kabisa, na mbele yake yale maneno niliyoyachagua mwenyewe: aitwe leo. Kila asubuhi mashine iliyarudia, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba amefika.

Siku ya kumi, saa sita mchana, waliingia uani: relais, shemeji yangu na mzigo kichwani, na dada yangu akitembea kwa miguu yake, imevimba, fimbo mkononi. Walichelewa kwa sababu mama mkwe alitaka kwanza amalize desturi yake ya kuagana na mkwewe, na kwa desturi hiyo hakuna mwenye haraka. Papa IT mwenyewe alitoka kumpokea. Alimpima tumbo, akamsikiliza mtoto, akasema yuko, moyo unapiga vizuri.

Uchungu ulimshika siku ya nne tangu afike, kabla ya hesabu ya mashine na kabla ya hesabu ya mzee. Gari lilikuja. Walimpasua hospitalini mchana huo, na daktari alipotoka alisema kovu la zamani lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi ya sigara. Msichana, mzima, mwenye sauti. Nilikaa chini kwenye korido, hapohapo kwenye sementi, na muuguzi mmoja akanipita akifikiri mimi ndiye mgonjwa.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa dada alikuwa ameketi, akinyonyesha. Nilimwonyesha simu. Nilitaka aone kazi yangu, niseme ukweli. Nilikuwa nimeihangaikia kiasi cha kustahili sifa. Nikamwonyesha jina lake, msimu wake, jinsi mashine ilivyoanguka kwa ajili yake na jinsi ilivyojifunza. Alisoma polepole hadi mwisho. Kisha akanirudishia simu.

"Ni muzuri," akasema. "Ule mama wa relais iko na umri wa mama yetu, unajua? Kila mwezi anafika kwetu. Analala kwetu. Anajua majina ya mbuzi zetu."

Nikasema ndiyo, ni mtu wa maana sana.

"Weye uko na miguu, dada yangu. Miaka ine. Ulinitafuta mu daftari, ukanitafuta mu mashine. Mara mbili nilikuja kwenu na tumbo hivi. Weye hujakuja hata mara moja, hata bila tumbo."

Nilikuwa na majibu, na yote yalikuwa ya kweli. Njia. Risasi. Kazi. Mvua. Niliyapanga mdomoni, na kila moja lilipofika kwenye meno niliona kwamba yule mama wa relais alikuwa na njia ileile na mvua ileile. Hasira yangu, ambayo haijawahi kunikosa, safari hii ilinikosa. Nililia mbele yake, naye hakunibembeleza. Alinipa mtoto nimshike ili apange nguo.

Mkunga alijifunza kuanzisha programu peke yake asubuhi, na ikigoma Papa IT huvaa miwani na kutafuta "Caused by" ya mwisho. Kwa hiyo, kovu lilipokauka na dada akaruhusiwa kurudi, hakuna aliyekuwa na sababu ya kunizuia. Shemeji alibeba mizigo, dada alitembea polepole na fimbo yake, nami nilibeba mtoto mgongoni. Tulichukua siku tano. Nilianguka mara nyingi kwenye matope, siku zote kwa mbele juu ya mikono, ili mtoto asiguse chini. Jioni ya siku ya tano dada alitangulia, akasukuma mlango wa miti, akasimama kando ili nipite. Alikuwa ameolewa miaka tisa, na mimi ndiyo kwanza naiona nyumba yake.